Figo ya Taifa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina matatizo. Hayo si maoni yangu. Yameandikwa kwa rangi ya bluu kwenye bango kubwa pale mpakani, na chini yake pana saini ya ofisa aliyeyathibitisha.

Mimi ni karani wa masijala katika Wizara ya Uzalishaji na Afya Njema. Kazi yangu ni kupokea kila kinacholetwa, kukigonga muhuri, kukipa namba na kukiweka kwenye rafu. Zamani uzalishaji ulikuwa na wizara yake na afya ilikuwa na yake, na wizara hizo zilikuwa zikiandikiana barua kali kila wiki. Mtukufu Kiongozi akaona ni aibu. Akaziunganisha: waziri mmoja, gari moja, choo kimoja. Tangu siku hiyo hakujaandikwa barua kali hata moja, maana Waziri ni mtu mstaarabu na hawezi kujigombeza mwenyewe.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, anaitwa Pazi Kilalo, na mkewe anaitwa Siwatu. Pazi alikuwa mtu wa tanuru katika Kiwanda cha Ushindi. Pale huletwa betri mbovu za magari kutoka kila pembe ya nchi. Watu huzivunja kwa shoka, huyeyusha ile risasi, yaani madini mazito yaliyo ndani, kisha huimimina kwenye kalibu itoke vipande vizito vya kijivu, kama matofali ya nyumba ambayo hakuna anayeijenga. Miaka kumi na moja Pazi alisimama mbele ya mdomo wa tanuru akishika upawa wa chuma. Mara tatu aliteuliwa mfanyakazi bora, na picha yake ilibandikwa mlangoni mwa kiwanda akitabasamu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi.

Kila Ijumaa Siwatu alikung'uta ovaroli ya mumewe uani kabla ya kuiloweka. Wingu la vumbi lilipanda, likapita juu ya ukuta, likatua kwangu kwenye kamba ya nguo. Sikuwahi kulalamika. Jirani ni jirani.

*

Ilianzia kwenye chakula. Siku moja mchana Pazi aliweka kijiko chini.

"Siwatu, umepikia sufuria gani leo?"

"Ile ile ya siku zote."

"Mbona wali una ladha ya msumari?"

Siwatu akaonja. "Wali una ladha ya wali, Pazi. Msumari uko mdomoni mwako."

Baada ya ladha likaja tumbo, linalokata bila sababu. Baada ya tumbo ukaja uchovu, mwanamume mzima anakaa chini kufunga kamba za viatu na hainuki. Kisha miguu ikavimba. Siwatu alibonyeza kidole kwenye muundi wa mumewe, na kilipoondoka pakabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa.

Pazi hakuwa peke yake. Zamu nzima ya tanuruni ilikuwa na miguu ya namna hiyo, na kwa kuwa nchi yetu haipuuzi jambo, Wizara iliunda Tume ya Kitaifa ya Miguu. Wajumbe tisa walifika kiwandani na utepe wa fundi cherehani. Walipima nyayo, walipima vifundo, walikula biriani, na baada ya miezi miwili wakatoa ripoti ya kurasa mia na nne. Nilipiga muhuri kwenye jalada lake mimi mwenyewe. Hitimisho lilikuwa moja: buti za wafanyakazi ni ndogo.

Mheshimiwa Waziri akaja na lori la buti kubwa zaidi. Akapanda jukwaani.

"Serikali yenu sikivu," alisema, "imeisikia miguu yenu!"

Watu wakapiga makofi. Miguu, kwa upande wake, ikajaza zile buti mpya kabla ya mwezi kwisha, na Tume ikaombwa iketi tena.

*

Kiwandani kulikuwa na zahanati ya chumba kimoja, na humo alikuwemo muuguzi, Sista Eliwaza, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Aliniletea barua ofisini, akasimama mbele ya dirisha langu mpaka nilipoisoma. Aliandika kwamba moshi na vumbi la risasi huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono isiyonawa, na mahali linapofanya kazi yake ya kimya kimya ni kwenye figo. Figo haziumi zinapoanza kuharibika, ndiyo maana watu hucheka na kufanya kazi huku zinakwisha. Aliomba mambo manne: barakoa za maana, feni za kuvuta moshi, bafu la kuoga na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, na vipimo vya damu kwa kila mtu. Mwishoni aliongeza kwamba pakiti ya maziwa ambayo wafanyakazi hupewa kila Jumatatu ili "kuosha kifua" haizuii risasi hata kidogo.

Wizara yetu huiheshimu sayansi. Jibu lilitoka ndani ya siku tatu. Ushauri wa muuguzi ulikuwa umekubaliwa, na maziwa yakaondolewa.

Kulikuwa pia na mashine ya kupima vumbi, zawadi ya nchi rafiki. Ilipowashwa karibu na tanuru, ililia. Wakaizima, wakaisafisha, wakaiwasha tena, ikalia zaidi. Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Gwandumi, akaiandikia barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Ikalia mara ya tatu. Akaihamishia kituo kipya, kwenye hifadhi ya misitu kaskazini mwa nchi, ambako imekaa kimya tangu ilipofika. Mwisho wa mwaka ilipewa cheti cha tabia njema. Na hicho nilikigonga muhuri.

*

Asubuhi moja Sista Eliwaza alimwita Pazi zahanati. Alichovya kijikaratasi kwenye mkojo wake, wakakitazama wote wawili kikibadilika rangi. Akampima presha. Akampima tena, kwa mkono wa pili, kana kwamba mkono wa kwanza ulikuwa umemdanganya.

"Kaka Pazi, mkojo wako unatoa povu?"

"Kama sabuni, Sista. Nilidhani ni afya."

"Toka tanuruni leo."

"Leo kuna oda kubwa."

"Kaka yangu, nakuambia leo."

Pazi alirudi kwa msimamizi, msimamizi akampeleka kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi Gwandumi, mtu asiyependa kusema na mtu mmoja jambo ambalo angeweza kuwahutubia watu mia tatu, akapiga king'ora na kuwakusanya wafanyakazi wote.

"Ndugu zangu," alisema, mikono nyuma, "nimesikia kuna minong'ono ya figo. Naomba tuelewane kama watu wazima. Moyo, Mungu ametupa mmoja. Ini, moja. Lakini figo, kwa hekima yake, ametupa mbili. Kwa nini? Mmewahi kujiuliza? Moja ni ya nyumbani. Moja ni ya taifa!"

Mtu mmoja akakohoa.

"Atakayeng'ang'ania zote mbili," Mkurugenzi akaendelea, "huyo ni mchoyo. Na tena, kisheria, figo iko ndani ya mwili, mwili ni mali binafsi, na kiwanda ni cha umma. Umma hauwezi kuulizwa habari za ndani ya mali binafsi."

Hotuba hiyo ilipendwa sana wizarani. Ilichapishwa kwenye karatasi ya kung'aa na kubandikwa katika kila kiwanda, na wiki iliyofuata ikatangazwa Siku ya Figo ya Taifa, ambayo watu waliiadhimisha kwa kufanya kazi saa mbili zaidi.

Pazi akarudi tanuruni. Jioni ya siku ile ya hotuba, kabla jua halijazama, nilimsikia Siwatu kupitia ukuta.

"Umerudi tena kule?"

"Nina picha mlangoni, Siwatu. Nikiondoka mimi, hawa vijana watasemaje?"

"Watasema Pazi ana akili."

"Watasema Pazi ni mchoyo."

Kisha nikamsikia mwanamke yule akilia, si kwa huzuni, kwa hasira, na sauti ya vyombo vikipangwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

*

Tangu kesho yake Siwatu hakukaa. Nilimwona akipita mbele ya ofisi yetu saa mbili, nikamwona tena saa nne akirudi kutoka upande wa pili, saa sita yuko ng'ambo ya barabara, khanga imemlegea, hana habari nayo. Alikuwa anatafuta kipimo cha damu. Hospitali Kuu walimwambia mfanyakazi wa Kiwanda cha Ushindi hapimwi bila barua ya Mkurugenzi. Ofisi ya Mkurugenzi wakamwambia barua haitolewi bila majibu ya kipimo. Akarudi hospitali kuwaambia hivyo, wakamsifu kwa kuelewa utaratibu.

Siku ya nne, baada ya kupumzika mara nyingi kwenye benchi letu la masijala, alikuja dirishani kwangu.

"Shemeji," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu tuhamie pale, "wewe unazijua karatasi. Kuna mgonjwa gani katika nchi hii ambaye hospitali haiwezi kumrudisha?"

Nikafikiri. Mimi huulizwa maswali nikajibu, ni tabia tu ya kikarani. "Mjamzito aliyeshikwa na uchungu," nikasema, "na majeruhi wa risasi. Huyo sheria inataka apokelewe palepale, akiwa na fomu ya polisi."

Siwatu alinitazama. Midomo yake ikaanza kucheza, kama mtu anayejizuia kucheka msibani.

"Majeruhi wa risasi," akarudia.

"Ndivyo kanuni inavyosema."

Akaondoka hata kuaga hakuaga.

Kituo cha polisi kilikuwa na Sajini mmoja mwenye bidii, aliyekuwa amekaa miaka sita bila kesi kubwa, kwa sababu nchi yetu haina uhalifu. Siwatu alisimama mbele ya kaunta, akashika kiuno.

"Afande, mume wangu ana risasi mwilini."

Sajini akaruka kutoka kwenye kiti. "Lini?"

"Miaka kumi na moja sasa. Kila siku, isipokuwa Jumapili."

"Kila siku! Na hajafa?"

"Ni mtu mwenye nguvu."

"Imeingilia wapi?"

"Puani na mdomoni. Imekaa kwenye figo."

"Shenzi kabisa!" Sajini akaandika haraka, ulimi nje. "Unamjua aliyehusika?"

"Anajulikana. Ana bomba kubwa la moshi."

Sajini aliandika: *mtuhumiwa ni mrefu, mvutaji sigara.* Akagonga muhuri. Nusu saa baadaye gari la polisi lilifika mlangoni mwa kiwanda, likamtoa Pazi tanuruni na ovaroli yake, likampeleka Hospitali Kuu huku king'ora kinalia. Watu barabarani walisimama kumwonea huruma. Pazi mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alidhani amekamatwa, na kwamba alichojisikia hasa ni nafuu, kwa sababu angalau angekaa chini.

*

Alipokelewa na Daktari Fumo, kijana aliyekonda, ambaye alisoma fomu mara mbili, akamtazama Pazi mara tatu, akatafuta tundu la risasi na asilione. Siwatu akamsogelea.

"Daktari, sikusema uongo. Risasi ni risasi. Mpime damu uione."

Daktari Fumo angeweza kuwafukuza. Badala yake alifunga mlango, akatoa damu.

Majibu yalichukua siku tano. Alipowaita alikuwa ameweka karatasi kifudifudi mezani, na kwa muda alizungumza habari za mvua.

"Sema tu, mwanangu," Pazi akamwambia.

"Risasi iliyomo kwenye damu yako, mzee, sijawahi kuiona kwa mtu anayetembea. Na figo zako… kazi ya figo imebaki kama sehemu moja kati ya kumi."

"Ya figo ipi?" Pazi akauliza. "Ya nyumbani au ya taifa?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameisoma hotuba ile ukutani kiwandani mara nyingi mno. Daktari akainamisha kichwa.

"Zote mbili, mzee. Zinakwenda pamoja."

"Dawa?"

"Risasi tunaweza kuipunguza. Presha tunaweza kuishusha. Figo zilizokwisha hazirudi. Utahitaji mashine ya kukusafisha damu, maisha yako yote, na mashine hiyo nchini hatuna."

Siwatu hakulia. Alivua khanga ya mabegani, akamfunika mumewe, ingawa kulikuwa na joto la kutokwa na jasho.

Daktari Fumo aliandika ripoti, nikaipokea. Waziri akajibu siku hiyohiyo: mfanyakazi mmoja si takwimu, na huenda Bwana Kilalo alikuwa akilamba betri nyumbani kwa starehe zake. Sajini, kwa upande wake, alikwenda kumkamata mtuhumiwa. Alilizunguka tanuru akiwa na pingu mkononi, asione pa kuzifunga. Kesho yake akahamishwa.

Nakiri kwamba wiki hiyo sikulala vizuri mchana baada ya chakula, kama nilivyozoea. Nilikuwa nainuka, nazunguka meza, nakaa, nainuka tena. Usiku, kupitia ukuta, nilimsikia Pazi akipumua kama mtu anayepanda ngazi, na hali amelala.

*

Basi ikafika Jumatano. Nilifungua dirisha la masijala saa moja na nusu, nikakuta foleni.

Ilianzia dirishani, ikapita geti, ikazunguka ukuta wa Wizara na kupotelea kwenye kona ya posta. Ilikuwa zamu ya tanuru, zamu ya kalibu, wavunja betri, madereva, wapishi wa kantini, na wanawake kadhaa nisiowajua. Kila mtu ameshika kichupa, na ndani ya kila kichupa mkojo, na juu ya kila kichupa karatasi ya plasta yenye jina kwa mwandiko wa Sista Eliwaza. Alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani.

Mbele kabisa alikuwa Siwatu. Akaweka kichupa chake juu ya kaunta.

"Shemeji, naomba upokee."

"Hiki ni nini?"

"Ni barua," akasema. "Nimeiandika mwenyewe."

Hapo inabidi nieleze kanuni. Kifungu cha saba cha Kanuni za Masijala kinasema kila kinacholetwa kitapokelewa, na kifungu cha nane kinasema kilichogongwa muhuri hakitupwi mpaka kijibiwe, na kisipojibiwa ndani ya siku thelathini, Waziri mwenyewe atakwenda kumweleza Mtukufu Kiongozi sababu. Waliotunga kanuni walikuwa na karatasi akilini. Lakini hawakuandika karatasi. Waliandika *kila kinacholetwa*, na Siwatu, siku zile alizokuwa akisubiri kwenye benchi letu, alikuwa ameisoma ile kanuni pale ukutani, maana hapakuwa na kingine cha kusoma.

Nikasoma jina kwenye kichupa. "Hiki ni chako. Wewe hufanyi kazi kiwandani."

"Sijawahi hata kuvuka geti lake."

"Sasa?"

"Nani alikuwa akikung'uta ovaroli?" akauliza Siwatu, taratibu. "Miaka kumi na moja, shemeji. Sista amenipima juzi. Kikaratasi kimebadilika."

Simu ikalia. Ilikuwa ya Mkurugenzi Gwandumi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekimbia ilhali amekaa.

"Karani! Nasikia kuna uchafu unaletwa hapo. Usiugonge muhuri! Unanisikia? Ni maagizo kutoka juu."

"Nakusikia, mheshimiwa. Naomba maagizo hayo yaletwe kwa maandishi, nami nitayagonga muhuri kwa kadiri ya foleni. Uko wa mia tatu na kumi na tatu."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Mimi ni mtu wa taratibu. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika muhuri, na wino ulikuwa mbichi, na kuacha wino ukauke ni kuharibu mali ya umma. Nikagonga: IMEPOKELEWA. Namba moja, Siwatu binti Mfaume. Namba mbili, Pazi Kilalo, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kwa sababu kusimama kulimshinda. Nikagonga mpaka kiwiko kikaniuma. Saa nane mchana rafu za Wizara zilikuwa zimejaa vichupa mia tatu na kumi na mbili, vikipigwa na jua la dirishani. Ilipofika saa tisa, Wizara nzima, kuanzia masijala hadi chumba cha Mheshimiwa Waziri ghorofa ya nne, ilikuwa imepata taarifa rasmi kupitia pua.

*

Hawakungoja siku thelathini. Ilipofika siku ya tatu Waziri alikuwa ameamuru vipimo vifanyike haraka iwezekanavyo, mchana na usiku, ili vichupa viondoke. Watu mia moja na themanini na saba walikutwa na dalili kwenye figo. Ishirini na sita kati yao hawakuwa wafanyakazi kabisa. Walikuwa wake zao, na mama zao wanaofua.

Wizara ikaitisha waandishi wa habari na kutangaza kwamba, kwa mara ya kwanza katika bara zima, serikali imegundua kuwa risasi ina madhara. Tanuru likafungwa miezi mitatu. Zikaja feni za kuvuta moshi, yakajengwa mabafu, ikapigwa marufuku kwenda nyumbani na ovaroli. Mkurugenzi Gwandumi, kwa uzoefu wake mkubwa katika suala hili, akateuliwa Mwenyekiti wa Baraza la Figo. Sista Eliwaza hakuteuliwa kitu. Aliongezewa mafaili, akawa anapima watu kumi na watano kila siku kwenye chumba kilekile kimoja, na wengi wao, kwa kuwa waliondolewa mapema, figo zao zimeshikilia. Siwatu ni mmoja wao. Hula vidonge vya presha na kugombana na chumvi.

Kwa Pazi ilikuwa imechelewa. Lakini mashine za kusafisha damu zilinunuliwa, nne, na siku ya kuzinduliwa nilitumwa kubeba daftari la wageni.

Pazi alikuwa wa kwanza kuunganishwa. Alilala kitandani, mirija miwili mkononi, damu yake ikitoka nyekundu, ikizunguka mashineni na kurudi. Vitanda vingine vitatu navyo vilikuwa na watu wa tanuru. Siwatu alikaa kwenye kistuli pembeni, akimpepea kwa kipande cha boksi.

Mheshimiwa Waziri akaingia na kamera, na Mwenyekiti Gwandumi, na bendi ndogo ya polisi iliyobanana mlangoni. Akakata utepe. Akashika bomba la mashine kwa vidole viwili, akaliachia. Kisha kiongozi wa bendi akainua fimbo yake, na wimbo wa taifa ukaanza.

Katika nchi yetu wimbo wa taifa husikilizwa kwa kusimama. Mtu asiyesimama hufungwa miezi sita, na si zamani sana mpita njia aliyekuwa akivuka mto kwa kuogelea alifungwa kwa sababu hiyo. Sote tukanyooka. Waziri akageuka, akaona wagonjwa wanne wamelala.

"Bwana Kilalo," akasema kwa meno yaliyofungwa, akitabasamu kwa ajili ya kamera, "simama."

"Siwezi, mheshimiwa," Pazi akajibu. "Nikisimama mrija unachomoka."

"Utakaa hivyo mpaka lini?"

"Kwa muda wa saa nne. Kisha keshokutwa, saa nne nyingine. Halafu Jumamosi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeulizwa ratiba ya basi. Waziri akamtazama Daktari Fumo, daktari akatazama mirija. Bendi ikaendelea na ubeti wa pili, ule unaohusu jasho letu.

Ndipo Siwatu, ambaye alikuwa amesimama kama wengine wote, akavuta kistuli karibu na kitanda, akakaa. Akaendelea kumpepea mumewe. Gwandumi akamkazia macho, yeye akawa kama haoni. Sista Eliwaza akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili. Daktari Fumo akatafuta kiti.

Mimi nilikuwa nimeshika daftari la wageni kifuani, nimesimama wima katikati ya chumba, mwenye miaka ishirini na miwili kazini bila doa. Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na kiti kingine.

Nikakaa sakafuni.